Safu ya Lakabu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu mlangoni. Haukuwa msikiti, kilikuwa chumba cha kompyuta. Mkuu wa Kituo, mzee kutoka Meru ambaye hakuvua kofia hata ndani ya ofisi, aliamini kwamba vumbi la Garissa likishaingia kwenye mashine halitoki tena, na mashine tuliyokuwa nayo ilikuwa moja. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama sinia la harusi. Akakifunua polepole, akanionyesha kiti.

"Bi Sadia," akasema, "taipureta unaijua, vyeti vyako nimeviona. Hii ni tofauti kidogo. Kwa taipureta ukikosea, umeharibu karatasi moja. Kwa hii ukikosea, umeharibu karatasi zote. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, lakini nilikuwa msichana wa kwanza kwetu kuajiriwa ofisini na sikutaka kuonekana mshamba.

Lilikuwa shirika la kusaidia wafugaji. Jina lake tuliache. Tulichanja mifugo, na ukame ukizidi tuligawa nyasi kavu zilizofungwa marobota. Mimi nilikuwa karani wa orodha. Watu hudhani kazi ya namna hiyo ni ya lori na daktari wa mifugo, lakini lori halitoki bila orodha. Jina lako likiwamo, mbuzi wako wanakula. Lisipokuwamo, utasimama utazame wa jirani wakila.

Programu ya kuandikia ilikuja kwenye sidii, ikaingizwa ndani ya mashine ile, ikakaa humo. Faili nalo lilikaa humo humo. Aliyetaka kuliona alilazimika kuja chumbani kwangu, avue viatu, aketi kwenye benchi la mbao nililoliomba kwa fundi wa jirani. Wafugaji walikaa hapo asubuhi nzima. Walileta maziwa ya ngamia, walileta malalamiko, na wengine hawakuleta kitu, walikuja kukaa tu. Mkuu alikuwa akipita mlangoni ananung'unika, "Hapa ni ofisi au hoteli ya chai?" Kisha anaingia, anaketi nao.

Sasa niwaeleze habari ya majina, maana shida yote ilianzia hapo. Sisi Wasomali hatuna jina la ukoo la kuandika mwisho. Mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, basi. Na kwa kuwa majina tunayoyapenda ni yale yale, simama katikati ya mji wa Eldas uite Mohamed Abdi Ali. Watageuka wanaume sita, na wa saba atakuwa amelala. Ndiyo maana kila mtu ana lakabu, na lakabu zetu hazina huruma. Mrefu ni Dheere, mfupi ni Gaab, kiwete ni Langare, anayetumia mkono wa kushoto ni Gurey. Mwenyewe haoni haya. Akikupigia simu hujitambulisha hivyo hivyo.

Niliongeza safu ya nne kwenye jedwali, yaani mstari wa kusimama kando ya yale majina matatu, nikaipa kichwa: LAKABU. Nikampelekea Mkuu, nikidhani atanikaripia.

"Ndivyo wanavyojulikana?" akauliza.

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi andika. Jina ni la kumpatia mtu. Kama halimpati, la nini?"

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Ifo, kambi ya wakimbizi. Huko nilimkuta Msimamizi wa Kumbukumbu, mwanamke mkali aliyejua kazi. Genereta ilikuwa inazima bila kubisha hodi. Chini ya meza kulikuwa na betri ya akiba, na stima ikipotea ililia kama mtoto, una dakika tano za kuhifadhi ulichoandika kabla hakijapotea. Kuhifadhi maana yake ni kuiambia mashine ikumbuke, usipoiambia, haikumbuki. Siku moja niliinuka kumsalimia mgeni, betri ikafa, majina ya asubuhi nzima yakaenda. Msimamizi hakupandisha sauti. Alisema, "Sadia, hifadhi kwanza, salimia baadaye." Nililibeba neno hilo miaka mingi kama hirizi. Mwisho wa habari hii mtaona nililifikiria upya.

Kutoka Ifo nikapelekwa Eldas kufungua ofisi ndogo, na huko ndiko nilikompata Kaltuma. Alikuwa binti aliyemaliza shule juzi, ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nilimfundisha kazi miaka miwili. Tulipanga nyumba moja, tukapika chungu kimoja, tukagombana kuhusu chumvi. Mume wangu alipougua nikarudi Garissa, na Kaltuma akabaki na ofisi. Mume wangu hakupona. Watoto wakaenda Nairobi, mmoja baada ya mwingine. Nikabaki na benchi langu.

Siku zile kazi ya Eldas ilinifikia kwa flashi, kile kijiti cha kuhifadhia mafaili kisichozidi kidole gumba. Kaltuma aliifunga kwenye karatasi ya nailoni, akampa Dereva Dubow, naye akaitia mfukoni mwa shati safari nzima. Pamoja nayo kulikuwa na kopo la samli au nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta. Dubow akifika hupewa chai kwanza, kisha namuuliza, "Ka warran?" Lete habari.

"Nabad," anajibu, yaani amani. Kwetu hujibiwa hivyo kwanza hata kama nyumbani kuna maiti. Habari zenyewe hufuata. "Mvua imegusa upande mmoja tu. Langare amehamia kwa shemeji yake, usimtafute Eldas. Mohamed Dheere amefariki, Allah amrehemu. Kaltuma anasema ulichukua mwiko wake."

Naye akisema, mimi nasahihisha. Langare namhamisha, Dheere namtoa. Faili lilikuja kwa flashi, lakini orodha ilikamilishwa na mdomo wa dereva. Sikuona kama hiyo ni sehemu ya kazi. Niliona ni chai.

Mkuu wa Kituo alistaafu, akaja Mratibu. Alikuwa mtoto wa Garissa hii hii aliyesomea Nairobi, na aliniita eeddo, shangazi, kwa adabu zote. Nasema mapema kwamba alikuwa kijana mwema, ili msije mkamchukia bure. Siku moja alileta kiti karibu na changu.

"Eeddo, kuanzia mwezi ujao faili litakaa mtandaoni. Si kwa mashine yako, si kwa yangu. Kaltuma akiandika kule Eldas, wewe unaona saa hiyo hiyo."

"Na stima ikipotea?"

"Haipotei kitu. Linajihifadhi lenyewe."

"Na nani analishika?"

"Sote tunalishika."

"Cha wote hakina mwenyewe," nikasema.

Akacheka, akaniandikia paswadi kwenye kikaratasi. Nikajifunza. Mzee hujifunza akitaka, msidanganywe. Nilijifunza kufungua linki, yaani anwani ya kubonyeza ikupeleke kwenye faili. Nilijifunza kuishi na bando na netiwaki. Kilichonisumbua ni kidole changu, kilichokuwa kinatafuta kitufe cha kuhifadhi kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa.

Nisiwe mnafiki, kulikuwa na raha yake. Dubow aliwahi kufua flashi pamoja na shati, kazi ya mwezi ikaenda na sabuni. Hilo halikutokea tena. Na kila aliyefungua faili alionekana: kisanduku cha rangi kinatembea juu ya jedwali pale anapoandika. Changu kilikuwa cha njano, cha Kaltuma kijani. Siku ya kwanza niliona kijani kimesimama kwenye nafasi tupu, herufi zikatokea zenyewe: Ka warran? Nilicheka peke yangu chumbani. Nikaandika chini yake: Nabad. Nikawa nangoja habari.

Mratibu akachungulia mlangoni. "Eeddo, samahani. Jedwali hili wafadhili wanalifungua pia. Tusiandike salamu humo."

Zikafutwa. Tangu siku hiyo mimi na Kaltuma tukawa tunaonana kila siku bila kusemezana. Mwanzoni nilimpigia simu, kisha nikaona nimpigie ya nini, kijani si hicho hapo, mzima anafanya kazi. Dubow hakuwa na cha kuleta tena. Wafugaji waliandikishwa huko huko kwao kwenye simu. Benchi lilikaa tupu hadi likachukuliwa, likapewa askari wa langoni. Zulia la mlangoni likaondolewa, hakuna aliyevua viatu. Nilikaa chumba kile nikisikia feni. Wiki nzima ingepita na sauti ya binadamu niliyoisikia ofisini ni ya muuza mandazi. Nilikuwa mpweke, na nililiona neno hilo ni dogo mno kulisema mbele ya watu wenye shughuli.

Kisha ukaja ukame, na orodha ya nyasi ikatakiwa haraka. Mratibu akaniita.

"Eeddo, hii safu ya lakabu. Kiwete, kiziwi, kipofu. Wafadhili watatuonaje?"

"Ni majina yao."

"Najua. Hata babu yangu ni Gaab. Lakini huko hawataelewa, watasema tunatukana walemavu."

Sikubisha. Nikarudi kwenye kiti changu, nikalifungua faili kwenye mashine, nikaona anavyofanya akiwa chumba cha pili. Aliifuta safu yangu. Kisha akatumia amri moja ya programu ile, inayotafuta mistari inayofanana na kubakiza mmoja. Ni amri nzuri, inaondoa mtu aliyejiandikisha mara mbili. Ilitazama jina na namba ya simu. Sasa wafugaji wengi wa pembezoni mwa Eldas hawakuwa na simu. Walitoa namba ya mwenye duka, kwa sababu netiwaki ilishika dukani kwake tu, na yeye ndiye aliyewapelekea ujumbe. Jina moja, simu moja. Mohamed Abdi Ali walikuwa watano waliobaki hai. Nikawaona wanakuwa mmoja.

Niliona kwa macho yangu. Vidole vilikuwa kwenye kibodi. Ningeweza kuandika maoni pembeni, kuna mahali pake. Ningeweza kutembea hatua kumi na mbili nigonge mlango. Lakini moyo wangu ulikuwa na donge. Miaka yote ile niliyowajua watu hawa mmoja mmoja, na safu yangu inafutwa kama uchafu wa meza. Nikasema kimoyomoyo: hakuna aliyeniuliza. Na kwenye mstari ule ule kisanduku cha kijani kilikuwa kimesimama, hakiondoki. Nikasema: Kaltuma anaona, hao ni watu wa Eldas, atasema yeye. Kijani kikakaa kitambo, kikaondoka. Orodha ikaenda kesho yake.

Haikupita wiki mbili, askari wa langoni akanijia. "Mama, kuna mzee amekaa kwenye benchi. Anasema anakutaka wewe tu."

Alikuwa Gurey. Mohamed Abdi Ali wa mkono wa kushoto, niliyemwandika mwenyewe nilipokuwa Eldas. Alikuwa amesafiri kwa lori la mifugo siku mbili, na vumbi lilikuwa hadi kwenye nyusi. Miaka yote hakuwahi kunijia mikono mitupu. Siku ile hakuwa na kitu. Nikaagiza chai, nikaketi kando yake kwenye benchi lile lile lililokuwa langu.

"Ka warran, Gurey?"

"Nabad." Akanywa kidogo. Kisha akatoa habari, kwa utaratibu, kama zinavyotolewa. "Nyasi zilikuja. Wakaita jina langu. Tukainuka watano. Wakasema ni mtu mmoja tu. Aliyekuwa mbele akachukua, simlaumu, ana watoto wadogo. Sisi wengine wakatuambia mashine inasema hatupo. Nikawaambia, Sadia wa Garissa ananijua, ameniandika pamoja na mkono wangu wa kushoto."

"Na mbuzi?"

"Walikuwa sabini na wanne. Nimeondoka wako kumi na mmoja. Leo sijui."

 Akanigeukia, bila hasira, mtu anayetaka kujua tu.

"Nani alinifuta?"

Nikasema, "Mashine."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi. Mashine haina macho, italaumiwaje?" Akanishukuru kwa chai. Akanishukuru, mimi.

Nilimpeleka kwa Mratibu, naye Gurey akamweleza upya. Kijana yule alibadilika rangi. Mzee alipotoka, akaniuliza polepole, "Eeddo, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

 Alikuwa na haki ya kunijibu vibaya na hakujibu. Alirudisha safu yangu kwa mkono wake, ikiwa tupu, akaandika makao makuu na kubeba kosa lote peke yake. Mimi nikatoa flashi ya zamani yenye lakabu zote, niliyokuwa naihifadhi kwenye mkoba pamoja na ufunguo wa nyumba. Siku mbili nikaandika lakabu moja moja, na nyuma ya njano yangu kijani kikawa kinanifuata mstari kwa mstari, kikiandika nani amehama na nani amefariki. Hatukuandikiana salamu. Lori la pili likaenda Eldas. Gurey akapata marobota yake, nyasi nyingi kwa mbuzi tisa.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kuniaga kulifanywa mtandaoni, kwa kuwa Mratibu alikuwa safarini na wengine wako vituoni. Nilivaa guntiino yangu mpya, lile vazi letu la kufunga begani, nikaketi mbele ya kompyuta. Nyuso zikawa kwenye viboksi, kila mmoja akasema maneno mazuri, asante eeddo, asante mama. Nilikuwa nimekusudia kusema jambo moja siku ile, nilikuwa nimelipanga. Ikafika zamu yangu nikasema nawashukuru nyote. Viboksi vikazimika kimoja kimoja mpaka nikabaki natazama uso wangu.

Asubuhi yake, nyumbani, kwa mazoea, nikabonyeza linki. Ikaniambia sina ruhusa, niombe. Nikaomba. Mpaka leo haijajibiwa, na sidhani kuna mtu aliyeliona ombi lenyewe.

Ninyi mnaoanza kazi hizi sasa, sitawaambia mrudie flashi. Vifaa vyenu ni vizuri na vinaokoa muda. Ila yule Msimamizi wangu wa Ifo, Mungu amlipe mema, alinifundisha nusu tu. Siku hizi mashine inahifadhi yenyewe, haikuhitaji. Kwa hiyo salimia kwanza. Orodha ikifika, inua simu, umuulize aliyeituma mvua imenyesha wapi, nani mgonjwa, nani kahama. Na ukiona kosa, usingoje kuulizwa, wala usimngoje mwenzako unayemwona yuko pale pale.

Juzi nilimpigia Kaltuma. Nilikuwa nimekaa na lile jambo kiasi cha kutosha.

"Ka warran, eeddo?" akaniuliza.

"Nabad," nikajibu, kisha nikampa habari yenyewe. Nikamwambia siku ile ya kufuta nilikuwa mezani, niliona watano wakiwa mmoja, nikanyamaza kwa sababu ya hasira. Nikamwambia Gurey aliniuliza nani, nikamdanganya.



"Mimi pia niliona," akasema. "Kisanduku chako cha njano kilikuwa pale. Nikasema, Eeddo Sadia yupo, yuko karibu na Mratibu, atasema yeye."

 Tulikaa hivyo na simu masikioni, yeye Eldas na mimi Garissa, mpaka salio langu likaisha.